Siku Isiyo na Shikamoo

Jana jioni tulikula yai la kuchemsha
lililochovywa majivu ya jiko la mkaa,
kila mtu sakafuni na pembe yake,
maana mlo ule hauliwi kwa ushirika.
Mama alitafuna kama anayehesabu.
Jua likazama nyuma ya Monduli
na maji ya mtungini yakaacha kuwa yetu.

Baridi ya mwezi huu haina adabu.
Meru kajifunika gubigubi tangu Jumatatu,
ukungu umeshuka mpaka Sakina, umekalia nyaya za umeme,
nasi tumekalia saruji.
Viatu vya ngozi viko nje ya mlango
kama watoto waliorudishwa kwa ajili ya ada.
Miguuni tuna katambuga.

Babu Yihye alikuwa fundi viatu, Ngarenaro.
Majirani walimwita Yahya, akaitika yote mawili.
Mwaka mzima alinuka gundi na ngozi mbichi.
Ikifika tisa ya mwezi Avu alifunga duka,
akavaa raba ya tairi aliyouziwa na Mmaasai wa Kilombero,
akasema, mwaka mzima namwibia wateja,
leo kanivisha yeye.
Kisha akakumbuka kuwa siku hii watu hawacheki,
akajishika mdomo.

Usiku ni yeye aliyezima taa
na kutangaza gizani miaka tangu Nyumba iteketee.
Jana alitangaza Mama:
elfu moja, mia tisa, hamsini na nne.
Kapunguza mmoja.
Hakuna aliyemsahihisha.
Mjomba Zekarya akafungua Maombolezo, mshumaa mmoja,
akasoma kwa mahadhi ya Sana'a, mji asioujua,
juu ya Yerusalemu, mji asioujua,
huku mbwa wa Ngulelo wakibweka majina yao wenyewe.

Nilijaribu kulia. Niseme kweli:
niliyoiona moyoni haikuwa nyumba ya mawe na dhahabu.
Ilikuwa X nyekundu ukutani kwa Babu,
rangi bado inachuruzika,
na katapila asubuhi ile, na kalibu za miguu
zimetapakaa barabarani, za kushoto zimetengana na za kulia.
Nikaona haya. Msiba wa watu wote
nimeuvika kiatu cha ukoo wangu.
Sikumwambia mtu.

Asubuhi nimekwenda kutupa taka.
Leo hatusalimiani, ndiyo sheria,
na wewe jaribu kupita mtaani kwetu bila salamu!
Mtoto wa Bi Mwantumu kaja mbio: shikamoo dada.
Nimemjibu kwa chini, marahaba,
kama mtu anayepitisha magendo.
Mzee wa mkaa kanisubiri niulize habari za nyumbani.
Nimeinamisha kichwa. Mgongoni nimesikia,
siku hizi wamesoma sana hawa.

Bi Mwantumu yeye anajua.
Mwaka wa kwanza aliuliza,
Ramadhani imepita, hii mnamfungia nani?
Mama akasema, nyumba iliyoungua.
Akauliza, lini? Mama akamwambia.
Akanyamaza kitambo, kisha: na bado mnanusa moshi?

Saa saba tumeinuka, tumekaa vitini.
Mjomba kavaa tefilini alizoziacha asubuhi,
kuzungusha ukanda mweusi mkononi, mara saba.
Karibu na kiwiko ulikatika zamani,
pana mshono wa Babu, uzi wa viatu,
mnene kupita inavyofaa.
Miguuni tairi, mkononi ngozi.
Nimeutazama ule mshono mpaka sala imekwisha
bila kusikia neno.

Sasa ni magharibi, tunasubiri nyota,
lakini na ukungu huu nyota utazitoa wapi?
Tunaangalia saa ya simu.
Mlangoni pamewekwa kitu, tik, kwenye saruji.
Hakuna hodi. Hakuna jina.
Chupa ya uji wa pilipili manga,
na mgongo wa Bi Mwantumu ukiishilia uchochoroni,
kanga juu ya sweta,
hageuki nyuma asije akalazimika kusema hamjambo.