Baiskeli Tatu za Gethin

Mchagua jembe si mkulima, husemwa;
aliyesema hajashuka Cwm Drain mvua ikinyesha.

Januari Gethin alivunjika nyonga,
tena si mlimani: kwenye ngazi za benki.
Akanipa ufunguo wa banda, mimi dada yake, mpeleka barua.
"Nerys, zizungushe zisishike kutu.
Kisha uje uniambie."

Jumamosi nilitoa ile nyepesi, ya kupandia,
matairi membamba kama mkanda wa shule.
Ilipanda malisho ya kondoo kama inadai deni huko juu,
mapafu yangu yakiifuata kwa miguu.
Lakini kwenye mizizi ya misonobari, mizizi iliyolowa,
ilisita, ikachagua, ikaniangusha
kwa adabu, ubavu, matopeni.

Jumapili ile nzito, springi mbele na nyuma,
kilo kumi na saba. Niliisukuma saa nzima
nikiitukana kwa Kiwelisi, kisha kwa Kiingereza.
Ila kuteremka!
Ngazi za vigae vya machimbo ya kale,
mashimo, mizizi ile ile, mtaro wa maji,
yote iliyameza bila kutafuna,
nikafika chini nisijue nimepita wapi.
Kwenye tambarare ya mto ilikuwa godoro lenye pedali.

Ya tatu ni ya chuma, rangi imebabuka,
springi mbele tu, nayo yavuja mafuta.
Kila jiwe liligonga, likaingia kisiginoni,
likapanda goti, likabisha hodi menoni.
Nikasimama juu ya pedali, nikaiacha icheze chini yangu.
Changarawe ilisema r, matope yakasema s,
daraja likataja mbao zake moja moja.

Gethin kitandani, karatasi ya bei mkononi;
malipo ya ugonjwa hayafiki kodi ya nyumba.
"Mbili ziende. Zipi?"
Nikamweleza. Kwa ile nyepesi aliguna tu.
"Na ile nzito, ulilipitaje jiwe la pembe, baada ya geti?"
Sikujua. Haikuniambia kitu.
"Na ya chuma?"
Nikamwonyesha kiganja, lengelenge limepasuka,
nikamhesabia njia nzima kuanzia kileleni,
naye kafumba macho, bega likiinama kila kona.
"Jiwe la pembe?"
"Lipo. Limelegea kidogo, upande wa kushoto."