Si Kufu Yake

Fundi Tsofa alilizunguka mara mbili,
akalipiga teke gurudumu, akaguna,
akajifuta grisi kwa gazeti la Ijumaa.
"Mama Shufaa, hili si kufu yake."

Neno hilo nililisikia mara ya kwanza
sebuleni kwa baba yangu, Shela ya Malindi,
nikiwa nyuma ya pazia na sinia la visheti.
Aliyeposa alikuwa na pikapu na madeni,
mwana wa muuza makaa wa Ganda.
Si kufu yake, alisema baba,
na kahawa ikanywewa kimya.

Tulikaa miaka thelathini na mmoja.

Pikapu hii ni ya tatu, nyeupe,
injini yake ndogo kama ya cherehani.
Ilipeleka barafu Ngomeni kila alfajiri
na Jumanne moja ikampeleka yeye
makaburini, polepole, kwa gia ya pili.

Karavani aliniachia Bibi Ornella
alipofunga nyumba yake ya Kasuarina
akarudi kwao na paka wawili.
Nilimfulia miaka kumi na tisa.
Badala ya kiinua mgongo, funguo.

Tsofa akasoma kibati cha mlangoni kwa tochi ya simu:
trela lisilo na breki, kilo mia sita, basi.
Tukalikokota kwa trekta la jirani
hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, Kisumu Ndogo,
likapanda mizani yake kati ya mabati na fremu za baiskeli
kama bibi harusi aliyekosea ukumbi.
Mia tisa na tano.

"Itavuta," nikasema.
"Kuvuta itavuta. Hata punda huvuta nyumba, njia ikiwa tambarare.
Ukiteremkia daraja la Sabaki ukakanyaga breki,
nani atamwambia wa nyuma?"

Na shingo pia ina hesabu yake:
kila kilo kumi, moja ilale kwenye ndoano.
Ikipungua, mkia utacheza, utakutoa barabarani;
ikizidi, pikapu itainua pua
na taa zako zitamulika kunguru.

Basi tukapunguza.
Maji kwanza, lita themanini, kilo themanini;
maji hayana punguzo.
Friji. Oveni. Turubai la kibaraza na fito zake.
Kabati la mvule, ambalo baba angelipenda.
Choo nilikikatalia.

Mizani mara ya tatu: mia sita na kumi.
"Ni kumi tu, Tsofa."
"Breki hazijui *tu*."

Nikaingia ndani peke yangu.
Lilibaki godoro la watu wawili
nililolitoa nyumbani, lenye bonde lake katikati
tulikokuwa tukikutana usiku bila kupanga.
Nikaomba kisu cha samaki kwa mke wa mnunuzi.
Sponji haipigi kelele ikikatwa,
inapumua tu.
Nikabakiza upande wa dirisha, niliouzoea.
Ule wa ukutani nikautoa mlangoni mwenyewe,
na Tsofa akaupokea kwa mikono miwili
bila kuniuliza.

Sindano ikatulia penye mia sita.
Au karibu yake. Mwenye mizani aliinama kuisoma,
akasema sawa, akadai hamsini zake.

Nusu ile analalia kijana wa gereji,
Mwambire, aliyekuwa akilala juu ya maboksi.

Nami Alhamisi nilishika njia ya Mambrui,
Shufaa kando yangu akihesabu mashimo,
na mteremko wa Sabaki ukafunguka, mto mwekundu chini.
Nikakanyaga.
Kule nyuma chuma kikagusa chuma,
kidogo, kama mtu aliyesinzia safarini
anayekugusa bega kuuliza
kama tumefika.
Nikamjibu bado.
Shufaa akauliza nasema na nani.