Anga Lenye Vidato

Saa tisa usiku, Salford, ghorofa ya nne.
Mbele yangu skrini kumi na moja zimepangwa
kama watoto wa shule wasiolingana vimo:
televisheni pana kuliko kitanda changu,
tableti yenye ufa, simu ya bei ya kutupa,
na mkongwe mmoja wa mwaka elfu mbili na kumi na mbili
asiyeijua kodeki mpya, wala hataki kujulishwa.

Picha ni moja: alfajiri juu ya vilima vya Pennine,
kijivu kikiyeyuka ndani ya kijivu kingine.
Ikiwa mbichi, ingeyapasua mabomba yote ya mji.
Kazi yangu ni kuikamua.
Kilichotulia hakitumwi mara mbili.
Kilichosogea, natuma msogeo wake tu:
yule kondoo, hatua mbili kushoto.
Mengine mashine inabahatisha;
ikikosea, nalituma lile kosa, kosa peke yake,
na jicho la mtu, kwa ukarimu wake, linamalizia.

Kisha nasimamisha ngazi.
Kidato cha juu kwa mwenye waya wa kioo hadi sebuleni,
cha katikati kwa nesi aliye kwenye tramu ya mwisho,
cha chini kabisa kwa mama yangu, Muheza,
ambaye siku hizi namjua kwa miraba sita ya uso.
Mtandao ukilegea, picha inateremka bila kuaga.
Mpanda ngazi hushuka, nilimwambia Gethin,
naye akaiandika ubaoni kwa kalamu ya kijani
akidhani ni kanuni ya uhandisi.

Halafu ikaja barua. Ya karatasi, na stempu,
kutoka nyumba ya wazee, Rochdale,
mwandiko umesimama wima kama mitande:
*Nilifuma pamba miaka thelathini na minne.
Anga lenu si anga. Lina vidato.
Naona pale uzi mmoja unapoishia
na pale mwingine unapoanza.
Mimi ningekatwa mshahara.
Wako, A. Entwistle.*

Mkutanoni walicheka, si kwa ubaya.
Priyanka akaonyesha chati: televisheni za aina ile
ni mbili katika mia, na zinakufa zenyewe.
Tuziache, tupunguze seva.
Sikubisha. Niliwasha mkongwe, nikazima taa,
nikaketi karibu, kama aketivyo asiyeona vizuri.
Kweli. Kijivu, mstari. Kijivu, mstari.
Wenzake wapya wana vivuli elfu moja na ishirini na vinne;
yeye ana mia mbili hamsini na sita,
havikumtosha kuvuka asubuhi moja.

Dawa yake inatia aibu kidogo: ni uchafu.
Unanyunyiza chembe, vumbi la makosa madogo madogo,
huku juu kidogo, huku chini kidogo,
mpaka mipaka ipotee.
Ila vumbi nalo lina uzito.
Faili likanenepa asilimia sita.
Priyanka aliguna, akatia sahihi.

Nilimwandikia Bwana Entwistle kwa mkono
(mara ya mwisho kushika bahasha sikumbuki),
nikamwomba atazame Alhamisi, saa moja asubuhi.

Hakujibu.
Huenda ameridhika; mfumaji hasifii uzi usiokatika.
Huenda kiti chake kimepewa mtu mwingine
anayependa mashindano ya kupika.

Nami kabla ya kutoka zamu, mvua ikipiga dirisha
(mvua, adui wa kodeki zote, haitulii hata tone),
nawasha mkongwe, nazima taa,
nasogeza pua hadi kioo kipate ukungu,
natafuta pale uzi unapoishia.