Kalamu Nyekundu

Madaftari arobaini na mawili,
taa ya sola imeanza kukohoa,
na ukungu wa Newala, huu wa Julai,
umekaa dirishani kama mtu anayedai.

Kosa langu. Niliwaambia Kidato cha Pili:
andikeni hadithi fupi, kurasa mbili,
awepo mwenye nacho, awepo asiye nacho,
mmoja amwonee mwenzake, tuone atafanyaje.
Nilidhani nimewapa kazi nyepesi, nilale mapema.

Chitanda, wa dawati la nyuma, hana subira.
Kibarua wake anapulizia mikorosho ya watu,
macho mekundu, ujira unapigwa kalenda;
kufika mstari wa tisa
salfa imeshaingia kwenye uji wa tajiri.
Mazishi, ngoma, mwisho.
Nikaandika pembeni: "Sababu haijitoshelezi."
Ilijitosheleza. Ila kalamu ilikuwa mkononi
na mkono wa mwalimu haupendi kukaa bure.

Mnonjela kaleta mama anayebangua korosho,
utomvu umemla vidole
hadi mashine ya vitambulisho ikamkataa:
weka tena, mama, weka tena, huonekani.
Hapo nilitua kalamu.
Kisha mama akaokota mkoba wa noti stendi ya Masasi,
akajenga kiwanda,
akaajiri akina mama wengine kwa ujira uleule.
Mnonjela kapigia mstari "akaishi raha mustarehe."
Sijui kama alikiona alichokiandika.

Wengine wamemwachia Mungu.
Radi imefanya kazi kubwa wiki hii:
imepiga wanunuzi sita wa kangomba,
mwenyekiti mmoja,
na bajaji ya mtu asiyehusika.

La mwisho ni la Zuhura Namkopa,
karatasi inanuka moshi, mwandiko umebanana
kama anayeogopa kumaliza daftari.
Msichana wa hadithi yake hana jina,
nyumba nzima inamwita "wewe."
Alfajiri anashuka bondeni, anapanda na ndoo
ya lita ishirini, mlima unamhesabu magoti.
Anaoga maji yaliyosuuza vyombo.
Anakula ukoko, amechutama, wenyewe wakishalala.
Nami nasoma nikingoja: atajibu lini?
Atapiga kelele? Ataiba? Atatoroka na utingo wa lori?

Hakuna. Ila kila safari, kwenye kona ileile,
anainamisha ndoo kidogo,
anaunywesha mche wa mkorosho alioupanda mwenyewe
mahali pasipo pa mtu.
"Wenye nyumba walisema ndoo inavuja.
Yeye akasema ndiyo, inavuja."
Basi. Hadithi imeishia hapo.

Nikaandika: "Mgogoro haujatatuliwa. Kumi na moja."

Nje, Somoe anatua ndoo.
Miaka miwili nausikia mlio huo
na leo ndiyo nimeusikiliza:
si mlio wa ndoo iliyojaa.
Haijawahi kufika imejaa.
Mwezi uliopita nilinunua mpya, ya kifuniko,
nayo ikavuja.
Somoe ni wa Mkunya.
Namkopa naye wa Mkunya.

Nikaita, "Somoe, umekula?"
Kimya kidogo, cha mtu anayetafuta
kosa lake limefichwa wapi ndani ya swali geni.
"Nimekula, mwalimu."
Akaingia na bakuli,
akaliweka juu ya daftari la Chitanda,
akarudi jikoni bila kunitazama.

Ile kumi na moja nimeifuta.
Bado sijajua niandike ngapi.
Uji unapoa.
Naukoroga. Naunusa.
Naukoroga tena.