Nguzo Isiyobeba Kitu

Utotoni niligonga paji la uso kwenye ile nguzo
mara ngapi sijui. Ilisimama ghalani, shibiri moja
kutoka ukuta wa mawe, kana kwamba fundi aliisahau.
"Hii inabeba nini?" nilimuuliza nyanya Stamatoula.
Akasema, "Bado,"
akaendelea kuchambua dengu.

Chuoni Athene nilionyesha picha ya mtaa wetu wa Lefkada:
chini mawe, juu mbao zilizovikwa mabati,
samawati, waridi, kijani kilichochujuka.
Mwenzangu akauliza, ni mabanda ya wakimbizi?
Na mnara wa kanisa, mifupa mitupu ya chuma,
kengele ikining'inia kama kwenye mlingoti wa redio.
Nikadanganya. Nikasema sisi ni maskini.
Sikusema kwamba mawe tulikuwa nayo,
tukayapandisha juu, yakatushukia tukiwa kitandani.

Nikarudi na ramani. Zege, vioo, ngazi isiyo na reli.
Nguzo ile niliifuta kwa kifutio,
vumbi la mpira nikalipuliza.

Ardhi haipigi hodi.
Novemba, kahawa ikiwa bado mekoni,
ukuta ulipiga magoti ukamwagika uchochoroni,
na nyumba, ile ya juu, haikuufuata.
Ilipepesuka kama mlevi anayejua njia ya kwake,
ikalia kwenye viungo vyote, ikatulia.
Kengele ilijipiga yenyewe, bila padri, bila maiti.

Nilishuka. Mwanga ulikuwa umeingia mahali
ambapo haukufika tangu babu wa babu.
Nguzo ilikuwa imebeba.
Kitanda, kabati la vyombo, nyanya na matusi yake,
vyote juu ya shina lile la mberoshi
nililoliita uzembe.
Nikaweka kiganja. Lilikuwa likitetemeka bado,
au ni mimi.

Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuzaliwa huku. Huku ukuta hujengwa
ukijulikana utaanguka,
na walioupa ruhusa hiyo ndio waliotuacha hai.

Fundi Zois amekuja na toroli. Anarudisha mawe,
kila jiwe analigeuza hadi uso wake wa zamani
utazame njia.
Mimi nasugua kutu kwenye mabati.
Nyanya, dirishani, anakataa kila rangi ninayomwonyesha.