Mwezi Kifuani

Mara ya kwanza nilidhani ni vumbi la buni.
Miaka tisa nachambua kahawa ghalani, karibu na reli:
nyeusi huku, iliyotobolewa na mdudu huku,
nzima naziacha zipite.
Nikakohoa kwenye kitenge. Doa,
dogo kama tunda la mbuni lililoiva.

Zahanati ya Pasua wakapima makohozi: hakuna kitu.
Wakapima tena: hakuna kitu.
Wakanipa dawa za kifua kikuu hata hivyo,
miezi sita mkojo wa rangi ya chungwa,
mume wangu kahamishia godoro sebuleni,
kikombe changu peke yake juu ya kabati.
Majirani wakamalizia vipimo kwa macho.

Damu ilikuja siku tatu, ikaondoka.
Nikasema: nimepona.
Ikarudi,
kama mgeni ajuaye siku mbege inapoiva.

Mdogo wangu Ndeshiwo ndiye aliyeshika kalenda,
ile ya mashine ya kusaga, yenye picha ya Kibo.
Kwa kalamu nyekundu akazungushia siku za kikohozi,
kwa bluu zile nyingine, ambazo mama alitufundisha
tusizitaje mbele ya baba.
Machi, Aprili, Mei:
duara juu ya duara.
Hakusema neno. Aliikunja, akaitia mkobani.

Hospitali ya rufaa, ukungu wa Julai umeukalia mlima.
Daktari Mringi, kijana, soksi zake hazifanani,
aliitazama kalenda kuliko alivyonitazama mimi.
"Njoo siku ikianza. Njoo ukikohoa."
Nikaja nikikohoa.
Mashine ikanizunguka: pafu la kulia, chini, wingu.
Kamera nyembamba ikashuka kooni, ikakuta
vidoa vya zambarau kwenye njia ya hewa.
Wiki mbili baadaye, picha ileile,
wingu halipo.

Akalitaja kwanza jina refu la kitabuni,
akaniona, akarudi nyumbani kwenye Kiswahili:
"Nyama laini ya mji wa mimba imehama mji,
imejenga pafuni. Mwezi ukiandama, inatoka damu
kama wenzake kule chini.
Haijui kwamba iko ugenini."

Nilicheka. Kisha nikalia.
Miezi kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza:
unakohoa lini?

Sasa kuna sindano inayoulaza mwezi.
Joto hunipanda saa nane usiku
kama mwanamke wa miaka hamsini; mimi nina thelathini na mbili.
Na mtoto? Sindano na mtoto havikai chungu kimoja.
"Tulitulize kwanza," amesema. "Na siku ukichomwa bega,
pumzi ikakatika ghafla, usingoje kupambazuke.
Pafu linaweza kusinyaa. Kuna bomba, kuna upasuaji."
Hakuniahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo.

Kikombe nimekishusha mwenyewe,
nimekichanganya na vingine; atakayekichagua, shauri lake.
Ndeshiwo hupita Jumamosi na kalamu zake mbili.
Tangu Agosti hajapata pa kuchora.
Hatushangilii.
Anaitundika kalenda kwenye msumari,
nami nabandika maji ya chai.