Ninauza Giza

Zamani nilibeba taulo hotelini Malindi,
vyumba sitini, mabwawa mawili.
Hoteli ikafungwa Jumanne moja, bila hata barua,
nikabaki na maneno kumi ya Kitaliano
na ufunguo wa kabati ambalo sijui liko wapi sasa.

Leo ninauza giza.
Msicheke. Lina bei: elfu moja na mia tano kwa kichwa,
mkeka juu yangu, chai ya tangawizi juu yangu,
watu watano, hawazidi.
Wa sita nilimrudisha, akanuna;
kesho yake akawa wa kwanza kulipa.

Giza lenyewe liko Marafa, ukingoni mwa Nyari,
pale ardhi ilipopasuka ikaonyesha nyama yake nyekundu.
Mchana wenzangu wanagombea wageni getini,
wanauza picha, na ile hadithi ya matajiri walioogea maziwa.
Mimi nasubiri jua lizame.
Kisha nasema: zimeni simu.
Hapo ndipo kazi ilipo.
Mtu huizima polepole, kama anayemfumba marehemu macho.

Wageni nao wamebadilika.
Wale wa kupanga safari miezi sita kabla, kwangu siwaoni tena.
Wanaokuja ni Wakenya wenzangu:
asubuhi wanapiga, jioni wamefika,
pesa imeshaingia wakiwa bado Mambrui.
Hawaulizi kuhusu godoro.
Wanauliza, tutafanya nini?
Mmoja aliongeza mia tano apewe jembe
apalilie mihogo ya mama saa mbili nzima.
Mama akautazama ule mgongo ukilowa jasho,
akaniuliza kwa Kigiriama, sauti ya chini,
huyu kwao amekosa nini?
Halafu: mwambie kesho kuna na kunde.

Na kuna Bosibori, mhasibu, mtu wa miaka arobaini,
alilala chali kwenye mkeka akaniuliza
lile wingu jeupe litapita saa ngapi.
Nikamwambia halipiti. Si wingu.
Akanyamaza mpaka chai yake ikapoa.
Nikamwonyesha Kilimia, kile kishada kidogo,
nikamwambia bibi yangu alikuwa akikitazama kwanza
ndipo aguse mbegu,
na hakumtoza mtu.

Kesho yake akanipa nyota nne.
Ya tano, aliandika, imeliwa na punda wa jirani
aliyelia saa tano usiku.
Niliusoma huo mstari mara nyingi kuliko inavyofaa.
Maana hizi nyota za simu ndizo zinazonilisha;
zile za juu hazijawahi kunidai maelezo.

Sasa kaunti imeleta mlingoti.
Umelala kando ya zahanati, wa chuma, mrefu,
mulika mwizi wenye macho manane.
Mkutano ukaitishwa, karatasi ikazungushwa.
Kaka yangu Karisa alisimama upande wa pili, ananitazama.
Mwezi wa Machi mkewe, Dzame, alijifungua
kwa tochi ya simu, betri asilimia saba,
mkunga akisema shikilia, shikilia hivyo hivyo,
na hakuna aliyejua kama anayeambiwa
ni mzazi au ni mwenye simu.

Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na hesabu kwenye daftari,
miezi minne, kila mkeka, kila kikombe.
Karatasi ikanifikia.
Nikaandika Mbeyu Kahindi, nikatia sahihi,
nikampa aliyefuata kalamu.

Siku watakapouwasha nitahamisha mikeka
nyuma ya kilima, ambako taa haina mkono mrefu.
Tangazo nimeshalibadilisha:
mwendo wa miguu, nusu saa zaidi;
njooni na viatu vya kufunga kamba;
watoto wanakaribishwa, nusu bei;
kuhusu punda, siahidi kitu.